Kutafuta rediata ya kumpasha Mama joto Maskati, na yaliyompata dada yangu Raya

Salaam wakuu, wa bara na visiwani, na mlio mbali na kwenu kama mie.

Juzi nilisoma humu mdau wa Iringa anauliza hita gani ya umeme itamfaa mama yake mgonjwa. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikalale. Haikutosha.

Basi nausimulia wote. Sitii chumvi, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Najua wengine mshaanza kucheka: hita, Maskati? Nchi ya jua kali? Hata enzi zile tulichekwa.

Haya ni mambo ya miaka ya tisini, mwishoni mwishoni. Tulikuwa tunakaa Sib, pembeni ya Maskati, kwenye nyumba ya serikali aliyopewa Baba. Watu wanne tu: Baba, Mama, mie, na dada yangu mdogo Raya, aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo na mchumba wa mtu. Wazee wangu ni watu wa Unguja. Ndani Kiswahili, nje Kiarabu, mpaka leo.

Mie nilikuwa fundi wa AC. Yaani riziki yangu ni kupoza nyumba za watu.

Mama figo zilimkataa.

Akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Aliyeuguza mgonjwa wa namna hii ananielewa: damu inatoka mwilini, inazunguka kwenye mipira, inarudi imeshapoa. Mama akirudi nyumbani meno yanagongana. Mablanketi juu ya mablanketi, soksi mbili mbili, na bado.

Halafu tizameni nyumba zetu za huku. Saruji na marumaru, zimejengwa kufukuza joto. Mwezi wa kwanza ukikanyaga sakafu asubuhi utadhani umekanyaga samaki wa barafuni. Na AC za dirishani zile za zamani huacha nafasi pembeni, upepo unapita unavyotaka.

Jirani alikuwa akimtania Mama, "Bi Zuwena, nyie Wazanzibari mmezoea kuchomwa na jua, ndo maana." Mama anacheka, huku anatetemeka.

Hita ya kwanza niliinunua mie pale souq, soko la Sib. Zile za waya unaowaka mwekundu. Nzuri kwa macho, Mama akaipenda, "Kama jiko la mamangu," akasema.

Haikumaliza wiki. Blanketi liliteleza kitandani, ncha yake ikagusa wavu wa hita. Tulisikia harufu tukiwa sebuleni. Mama alikuwa hana nguvu hata ya kulivuta. Baba akauzima moto kwa mto wa majlisi, chumba cha wageni, akaitoa ile hita mpaka nje, akaivunja kwa mguu.

"Khalas," akasema. "Kitu chenye moto hakiingii tena chumba hichi."

Sikumlaumu.

Ndipo nikaanza kuuliza habari za rediata. Zile zenye mapezi ya chuma, ndani mna mafuta yanayopata moto polepole, nje hakuna waya unaowaka. Nilikuwa nimeziona kwenye vitabu vya kampuni, sijawahi kuigusa hata moja.

Mtu akaniambia jaribu Wattaya, kwenye mtaa wa maduka. Nikaenda. Naingia dukani nauliza rediata, muuzaji, Mhindi mmoja mpole, ananiuliza, "Gari gani? Mwaka gani?"

Nikamwambia, "Ya chumba cha mgonjwa."

Akamwita mwenzake aje asikie. Duka la pili hivyo hivyo. Wattaya nzima rediata ni ya gari, na mie nilitakiwa nilijue hilo kabla sijachoma petroli.

Nilipowahadithia nyumbani, Mama alicheka mpaka akakohoa. "Basi nifungeni na boneti kabisa," akasema.

Nataka mkumbuke alikuwa mtu wa namna hiyo. Mtu wa maneno.

Mwisho nikapata duka mtaa wa Ruwi, wakasema hawana ila wataagiza kutoka Dubai, nisubiri. Tukasubiri. Baba akachukua sponji na ubao akaziba zile nafasi za AC chumbani kwa Mama, akabandika tepu kwenye madirisha. Chumba kikawa hakipitishi upepo hata kidogo. Tukafurahi, wallahi. Sote tulifurahi.

Sasa hapa ndipo pagumu, wakuu. Nivumilieni.

Ilikuwa mchana, baada ya Alasiri. Mie nimekwenda kumchukua Mama hospitali. Baba yuko msikitini. Raya katoka kazini, yuko peke yake nyumbani.

Tulikuwa na seredani, jiko dogo la mkaa, tukilitumia uani kuchomea mishikaki na kutilia ubani. Raya akawasha mkaa uani, akangoja mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, akaliingiza chumbani kwa Mama ili akikute chumba kina joto. Akafunga mlango joto lisitoke. Akakaa humo humo kwenye zulia anakunja nguo za Mama.

Neno la Baba alilichukua ni la hita za waya; yeye alijua moshi ndio unaodhuru. Moshi haukuwepo. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inakupa usingizi tu.

Tulipofika Mama alitangulia kuingia, anajikokota kwa ukuta. Nilisikia anaita, "Raya! We Raya! Inuka mwanangu, sakafuni kuna baridi."

Alidhani kalala.

Uso wa Raya ulikuwa mwekundu, umependeza, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Hilo ndilo linalonirudia. Nilimbeba mpaka nje, nikarudi kumtoa Mama, nikabandua tepu za Baba kwa kucha. Baba alitukuta uani, kofia bado iko kichwani, tangu mlangoni anauliza, "Nani? Nani kati yao?"

Raya hakufa. Alhamdulillahi.

Lakini aliyerudi kutoka hospitali, baada ya oksijeni na siku nyingi za kulala, si yule aliyekwenda. Mambo ya zamani anayo yote: majina ya wanafunzi, nyimbo za harusi, mapishi. Mambo mapya hayakai. Unamwambia kitu, anaitikia, anatoka chumba hiki kwenda kile, kimeshapotea. Shule wakamsubiri, wakachoka. Mchumba naye alikuja mara mbili tatu, mtu mwema, kisha mama yake akaja kuzungumza na Baba, tukaelewana uchumba uishe. Ningekuwa na mtoto wa kiume pengine ningefanya vile vile, sijui.

Rediata ilifika baada ya hapo.

Nitoe kidogo ya kitaalamu kwa yule mdau, maana ndiyo aliyouliza.

Kwanza, usidanganywe na duka kwamba hii inakula umeme kidogo kwa sababu ni ya kisasa. Hita zote za aina hii zinaugeuza umeme wote kuwa joto. Umeme unauokoa pale hita inapojua kuacha. Kwa hiyo tafuta yenye thermostat nzuri, inayojizima chumba kikifika joto ulilotaka na kujiwasha kikipoa. Chagua ukubwa unaolingana na chumba. Hakikisha inajizima ikianguka. Iwe na plagi yake peke yake ukutani, si waya wa kuunganisha. Ziba nyufa, maana kwa rediata ya umeme kuziba hakuna hatari, haichomi kitu.

AC ya kupoza na kupasha ndiyo inayokula umeme kidogo kuliko zote, nasema kama fundi. Lakini inapuliza, na mgonjwa kama Mama upepo hata wa moto ulimuumiza ngozi.

Rediata yetu ilikuwa nyeupe, kimya kabisa. Baba aliizunguka, akaigusa kwa kiganja, akaondoka.

Na Mama?

Mama hakusema tena kwamba anasikia baridi.

Tangu siku ile mpaka anakufa, neno lile halikumtoka. Anarudi hospitali midomo imebadilika rangi, namuuliza, "Mama, niongeze joto?" Ananijibu, "Hata kidogo, baba, nnasikia vizuri." Huku namuona kidevu kinacheza.

Aliwahi kuniambia mara moja tu, tukiwa garini: "Ningenyamaza toka mwanzo, mwanangu angekuwa kwake saa hizi, na watoto wake." Nikamwambia Mama usiseme hivyo. Akasema, "Haya, sisemi."

Na hakusema.

Basi nikawa namsoma kwa kucha. Zikiwa buluu napandisha kitufe, zikirudi rangi nateremsha. Yeye ananitizama tu nikifanya hivyo. Siku nyingine ananigusa mkono, ndiyo shukurani yake.

Majira ya baridi yaliyofuata yalipokaribia kwisha, Mama akafariki. Chumba kilikuwa kina joto zuri. Sijui kama lilimfaa.

Miaka imepita, nimeoa, Baba na Raya wanakaa kwangu. Funzo langu ni hili, wakuu: mkaa hauingii ndani ya chumba kilichofungwa, hata ukiwa hauna moshi, hata kwa dakika chache, hata kwa mapenzi. Na mgonjwa wako akikwambia anasikia baridi kwenye nchi ya joto, mwamini mapema, kabla watu wa nyumbani hawajaanza kubuni dawa zao.

Limebaki moja, na hili nauliza mie.

Raya mpaka leo anamuulizia Mama. Karibu kila siku. Zamani tulikuwa tunamwambia ukweli. Analia kama habari ndiyo kwanza imefika, kisha inapotea, kesho anauliza tena, analia tena upya. Tumemzika Mama mara ngapi ndani ya nyumba ile, Mungu anajua.

Siku moja Baba akachoka. Raya alipouliza, "Baba, Mama yuko wapi?" akamjibu, "Kapumzika."

Raya akaitikia kwa kichwa, akateremsha sauti, akaenda kufunga mlango wa jikoni taratibu, vyombo visipige kelele.

Tangu hapo ndilo jibu letu. Naye kila siku anatembea kwa ncha za vidole, anatuashiria sote tunyamaze.

Sijui kama ni uongo. Wenye ndugu wa hali hii, tafadhalini niandikieni hapa chini: nyie mnawajibu nini?