Mgonjwa hatupwi: tulivyoweka antivirus moja kwa maduka mawili, Nakivale na Mbarara

Wakuu, heshima kwenu wote, hata nyie mnaosoma kimya kimya bila kujiunga.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyashika kwa mikono. Sina ninachouza humu. Kuna mtu nataka kumsifia tu, mkimaliza kusoma mtaniambia kama nimezidisha.

Mimi ni fundi wa kompyuta Mbarara, hapa Uganda. Nimekulia kambi ya jeshi ya Makenke, baba akiwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha kambini. Walimu wa sarufi mnivumilie.

Sasa, Mama Neema.

Ni Mkongo wa Kivu Kusini, amekaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka mingi. Ana duka la secretarial pale senta ya Base Camp: kuchapa, kuprinti, kuskani, picha za passport. Biashara ilipokua akafungua duka la pili Ruti, huku Mbarara, linasimamiwa na binti yake. Ukijumlisha maduka yote, kompyuta zinafika kama kumi hivi, na hakuna mbili zinazofanana.

Aliniita kwa sababu ya virusi.

Hali ilikuwa ya aibu, sifichi. Kila mashine na antivirus yake. Moja ya majaribio na muda umeshaisha. Nyingine ina mbili zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Nyingine inalilia update kila asubuhi, na kila asubuhi mfanyakazi anaifunga mdomo kwa kubonyeza "baadaye".

Na Nakivale kila kitu kinatembea kwa flash. Mteja mmoja akija na flash mbovu, baada ya muda hata Ruti wanaumwa, maana Mama Neema mwenyewe ndiye anayebeba kazi kwenda na kurudi.

Wateja wakaanza kusema maneno. Lakini aliyemuuma kuliko wote ni Papa Isaya.

Huyu mzee ni mwalimu wa kwaya. Kwa miaka amekusanya nyimbo za kwao za Kibembe, zile walizoimba kabla ya kukimbia, akaziandika kwenye faili moja la Word. Wengi waliomwimbia wameshafariki. Faili lile liko kwenye flash moja tu, na flash inakaa shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.

Najua mnauliza backup. Na mimi niliuliza.

Alikataa. Kuna kwaya ya jirani iliwahi kuimba wimbo wake kabla yeye mwenyewe hajauzindua. Tangu siku ile hampi mtu nakala, hata Mama Neema. Nilicheka, kisha nikaona nacheka peke yangu.

Siku moja alichomeka flash dukani, folda zote zikageuka shortcut zisizofunguka. Zilikuwa zimefichwa tu, nikazirudisha. Ila mzee alishaingiwa na hofu. Akaivaa flash yake akaondoka, na kuanzia hapo hakutaka kuichomeka popote, wakati kanisa linasubiri kitabu cha nyimbo kwa ajili ya sikukuu.

Mama Neema akanipa kazi kwa maneno haya: "Fundi, miye sijuake mambo ya ba-programme. Ninataka siku moya Papa Isaya aniachie ile flash, roho yake itulie. Ukifika pale, kazi yako imeisha."

Nikakaa kupanga.

Antivirus moja ya kulipia, inayosimamiwa sehemu moja. Yaani nikiwa Mbarara nafungua ukurasa mmoja, naona mashine zote za Ruti na za Nakivale: ipi salama, ipi haijapata update, nani amejaribu kuizima. Mfanyakazi hawezi kuitoa bila password. Tunaanza na mashine moja Ruti, ikitulia tunaweka kwenye zilizobaki, halafu ndiyo tunapanda Nakivale. Kule data ni ya bundle, kwa hiyo mashine moja inashusha update na kuwagawia wenzake.

Scan kubwa niliipanga usiku, kama wanavyofundisha kwenye video. Mama Neema akaniangalia kwa huruma. Duka la Nakivale linatumia solar, usiku hakuna mashine inayowaka. Tukahamishia saa saba mchana, jua likiwa kichwani.

Mnaona ni mtu wa namna gani. Alinikalisha nimsomee kila setting, moja baada ya nyingine, na kumweleza ikiguswa nani ataumia. Sijawahi kupata mteja wa hivyo. Wengi wanauliza bei na siku ya kumaliza, basi.

Tukafika kwenye flash. Nilitaka kuzifungia kabisa. Akauliza kama wateja watamletea kazi ndani ya ndoo. Tukalifuta hilo.

Tukafika kwenye faili likikutwa na virusi. Mimi nimezoea kuweka delete. Linafutwa, hakuna maswali.

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavua miwani.

"Siye bote pa hii camp tulipitia pa reception," akasema. "Baganga balitupima. Bale bagonjwa balibapeleka pa fasi yabo, balibachunga mupaka balipona. Mugonjwa habamutupake, fundi. Hiyo mashine yako inajua kuchunga, ao inajua kutupa tu?"

Kwa msiojua: Nakivale mkimbizi mpya hapewi kiwanja siku anaposhuka kwenye gari. Anapokelewa kwanza reception, anapimwa, na akiwa na ugonjwa wa kuambukiza anapelekwa mahali pa peke yake, ndiyo hiyo "fasi", anatengwa na kutibiwa. Kila mteja wa Mama Neema aliyetoka ng'ambo anaijua njia hiyo.

Nikamwambia inajua. Kuna karantini: faili linatolewa kwenye flash, linafungiwa mahali ambapo haliwezi kudhuru, na linabaki hai mpaka mtu aamue. Ni kubadilisha chaguo moja tu kwenye policy, yaani maagizo ambayo mashine zote zinafuata. Nikalibadilisha mbele yake.

Yeye akaenda mbele zaidi. Akatoa laptop ya zamani, tukaiweka karibu na mlango. Haiunganishwi na mashine nyingine, ina modem yake na antivirus ileile. Flash yoyote inapita pale kwanza. Juu yake akabandika karatasi: RECEPTION.

Wakuu, kwingine nimechoka kueleza wateja kwa nini flash zao zichunguzwe. Pale hakuna aliyeuliza.

Na mfanyakazi wa kwanza kuwekwa kwenye kiti cha Reception alikuwa yule bingwa wa kubonyeza "baadaye". Siku hizi ndiye mkali kuliko sisi wote.

Ruti kazi ilikwenda vizuri. Nakivale kutoa zile antivirus za zamani kulichukua muda kuliko kuweka mpya, na mashine moja ilinishinda nikaipiga Windows upya. Tukamaliza.

Mama Neema akaenda mwenyewe kwa Papa Isaya. Hakumdanganya kwamba virusi vimekwisha duniani. Alimweleza kitakachotokea kama flash yake inaumwa.

Mzee akaja. Akavua kamba shingoni, akachomeka.

Skrini ikawa nyekundu. Lililokamatwa ni faili la nyimbo lenyewe. Lilikuwa limebeba virusi vya macro, vile vinavyojificha ndani ya hati ya Word, nani ajuaye tangu lini. Tukiwa tunatazama, likatoweka kwenye flash.

"Zimeenda," mzee akasema. Hakupaza sauti. Kofia iko mkononi.

Kwa ule mpango wangu wa mwanzo, angekuwa amesema kweli.

Mama Neema akamvutia kiti. "Hazikuenda, Papa. Ziko pa fasi ya bagonjwa. Ikala, tuzichunge."

Nikalitoa faili karantini palepale kwenye laptop ya Reception, nikalifungua macro zikiwa zimezimwa, nikalihifadhi upya kwa aina ya Word isiyobeba macro, nikaliskani tena. Safi.

Papa Isaya akaweka kidole kwenye skrini akaanza wimbo wa kwanza, anasoma kwa midomo. Alipofika katikati akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri picha za passport akaitikia. Nilifuta macho, sioni aibu kusema.

Kuprinti kitabu kizima kungechukua muda. Mzee akasema anaenda nyumbani kula kwanza.

Alikuwa ameshafika mlangoni nilipoiona flash bado iko kwenye laptop, kamba inaning'inia. Nikamwita, nikamwambia amesahau flash yake.

Akageuka. "Ninajua," akasema. "Iko pa reception." Akaenda zake.

Mama Neema alipakia karatasi kwenye printa.

Nilichojifunza: kabla hujasukuma setting kwenye mashine za watu, keti na mwenye duka mzisome pamoja, maana yeye ndiye anayejua ndani ya zile flash kuna nini. Na delete iwe uamuzi wa mtu, isiwe tabia ya mashine.

Nakala ya backup Papa Isaya amekubali moja, iko Ruti, kwa password anayoijua yeye peke yake. Naomba asiisahau.

Mnaosimamia network ndogo, nyie mnaweka delete au karantini, na nani aliwafundisha? Nakosoleka, karibuni. Ila nyimbo sina, msije PM kuniomba, hasa nyie wa ile kwaya ya jirani.