Madirisha ya Kuchorwa

Mtembeza watalii wa boti ya mzee Gepin huanza kuusugua waya wa kipaza sauti kwa kidole gumba kabla hata mji wa Camogli haujaonekana. Habari za abasia ya watawa na misonobari husimulia kwa sauti ya kubembeleza, ila mji ukichomoza nyuma ya rasi, maneno humtoka mbiombio. Kila Jumanne huwachokoza wageni kwa nyumba zilezile ndefu za bandarini, ambazo nusu ya madirisha yake ni rangi tu ukutani. “Haya, nionyesheni la kweli ni lipi!” Wao hubishana na kucheka, yeye macho yake yako ghorofa ya nne, mpaka mama yake aliyebaki peke yake asukume mbao za kijani za dirisha lake na kupunga kitambaa.

Leo mbao zimefungwa. Gepin akapunguza mwendo bila kuambiwa.

“Labda kashuka kununua mkate, mwanangu.”

“Kwa goti lile, mzee?”

Mgeni mmoja akanyoosha kidole. “Na lile la juu, lililofungwa?”

Mtembeza watalii akakiinua kipaza sauti, akakishusha, akakiinua tena.

“Lile,” akasema, “limechorwa.”