Mkanda wa Mama ulivyoniharibia salamu

Leo Bibi ameamini kwamba nimemdharau, kumbe ni mkanda.

Asubuhi nilimsaidia Mama kupakia mikungu ya ndizi kwenye pikapu. Akanivalisha mkanda wake wa mgongo, ule wenye vyuma, chini ya sweta.
Ukiuvaa huwezi kuinama. Ndiyo kazi yake.

Bibi akatokea.
Kwetu ukimwamkia mkubwa unainama. Mimi nikasimama wima kama nguzo ya umeme.

"Shikamoo, Bibi."
Badala ya marahaba, Bibi akasema:
"Kumbe sekondari inakaza kiuno namna hii!"

Nikaanza kupandisha sweta nimwonyeshe mkanda.
Hakungoja, akaenda zake.

Jioni nikachuma jani la isale. Kwetu ukimpelekea mtu jani hilo, hawezi kukataa kukusamehe. Nikabeba na mkanda, kama ushahidi.

Bibi akapokea jani. Akaujaribu mkanda, akatembea nao hadi zizini na kurudi.
"Nimekusamehe," akasema. "Mkanda unabaki."

Sasa nishaurini nimwambieje Mama.
Na Jumapili mkimwona Bibi hainami mbele ya altare, msimhukumu.