Hindi Alilomwekea Mama

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikinusa mahindi yanachomwa barabarani hunirudia, na hamu ya kula huniisha palepale. Leo nitakusimulia, maana wewe mwenyewe umeichokoza. Umefungua darasa lako la watoto wadogo kule Mwembesongo, umekuja kuniuliza, "Mama, ninyi enzi zenu mlifanya nini na watoto kila majira?" Nimecheka. Hayo mnayoyaita Montessori na kuyaagiza madukani, sisi tuliyafanya kwa makopo na majembe yaliyokatwa mpini.

Nilikuwa msichana bado, sijaolewa, katika kijiji cha ujamaa chini ya milima, upande wa Mlali. Kina mama wakienda shamba la kijiji, watoto wao walibaki kwangu, katika banda tulilolifanya shule. Kazi nilifundishwa na sista mmoja wa mjini, mama mkali huyo, loo! Akikukuta unamfungia mtoto kifungo anachoweza kufunga mwenyewe, utajuta. Alisema mtoto apewe kitu cha kweli, kidogo kwa kadiri ya mkono wake, kisha aachwe afanye.

Basi tukafuata majira. Kiangazi tulifagia majani, tukajifunza kumimina maji kutoka kwenye jagi hadi kikombe pasipo kumwaga. Kila mtoto alikuwa na jagi lake dogo la bati, limetundikwa kwenye msumari wake. Masika tulipanda, tukaweka kopo nje ili asubuhi tuone mvua ya usiku imefika wapi. Wakati wa mavuno tulipukuchua na kupepeta kwa nyungo ndogo, na makapi yote yaliishia kichwani mwangu. Hayo ndiyo uliyoyafuata, chukua, yafanye shuleni na uwaambie wazazi wayafanye nyumbani. Lakini sikukukalisha hapa kwa ajili ya hayo.

Palikuwa na mtoto akiitwa Zuhura. Hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Baba yake alikwisha kwenda kuoa kwingine, mtoto akabaki na mama yake na mjomba wake, Athumani, na unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba akisema amesema. Zuhura alikuwa na mkono mtulivu ajabu. Wenzake wakimimina maji sakafu inalowa, yeye hamwagi hata tone.

Mvua za kwanza za masika, kila mtoto alipanda mahindi yake nyuma ya banda. Siku zilezile mama yake Zuhura aliugua, ikabidi apelekwe hospitali mjini. Kabla ya kupanda gari alipita shuleni. Alikuwa amekonda, khanga imemzidi. Akachuchumaa kwenye tuta la mwanawe, akamwambia, "Yatunze haya. Yakiiva nitakuwa nimerudi, tutachoma wote."

Hakurudi, mwanangu. Mahindi yalikuwa yamefika magotini mwa mtoto walipomleta marehemu. Wazee wakakaa na Athumani, wakakata shauri kwamba mtoto asiambiwe, ni mdogo, ataugua kwa majonzi. Ndiyo ilikuwa desturi yetu: watoto wanapelekwa nyumba ya mbali, wanaambiwa mama kasafiri, na muda unapita juu yake. Mimi niliagizwa nikae na watoto bandani na kuwaimbisha kwa sauti kubwa, vilio vya msibani visiwafikie. Nikawaimbisha. Zuhura aliimba kuliko wote, anapiga makofi, na jeneza linapita njia ya juu. Hata leo sijui niliimba kwa koo gani.

Baada ya hapo akawa mtu wa mahindi yake. Asubuhi hajasalimia mtu, yuko kwenye tuta. Anang'oa magugu, anafukuza kuku, anagusa mbelewele anauliza, "Mwalimu, yameiva?" Nasema bado. Wenzake wanafurahi yakikua, yeye anafurahi zaidi, na kila yanapokua mimi napungukiwa na usingizi. Nilimwendea Athumani mara moja nikamwambia, huyu mtoto anangoja. Akanijibu, "Mwalimu, wewe fundisha." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefiwa na dada yake, hawezi hata kulitaja jina lake.

Siku ya kuchoma ikafika. Tulikoka moto uwanjani, kila mtoto akavunja hindi lake, akalimenya, akalichoma mwenyewe kwa kijiti kirefu. Watoto masizi mpaka puani, kelele tupu. Zuhura alilichoma lake polepole, akaligeuza likaiva vizuri pande zote. Akalifunga kwa maganda yake, akaenda kukaa kando ya njia inayotoka barabarani. Hakuling'ata.

Ndipo akatokea bibi yake mzaa mama, ameteremka kutoka milimani, upande wa Mkuyuni, na mkungu wa ndizi kichwani. Tangu amzike mwanawe alikuwa hajatufikia. Athumani alikuwapo, amekuja kutuletea kuni.

"Shikamoo bibi," Zuhura akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona wenzio wanakula, wewe umekumbatia?"

"Namwekea mama. Alisema yakiiva anakuja."

Bibi akautua mkungu chini. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, na jamani, macho yale! "Huyu mtoto hajaambiwa?"

"Mama, bado mdogo," Athumani akasema, anaangalia miguu yake.

"Mdogo? Mmempa jembe, hajajikata. Mmempa moto, huo hapo, hajaungua. Mnamwamini kwa vyote hivyo, habari ya mama yake tu ndiyo mnaogopa kumpa? Mmemkalisha njiani anangoja maiti!"

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akamshika mikono.

"Zuhura. Mama yako aliugua sana, amekufa. Tumemzika hapa kijijini. Hatarudi."

Mtoto akafikiri. "Hata yakiiva yote?"

"Hata yakiiva yote, mjukuu wangu."

Nilidhani ataanguka. Aliinuka, akaingia bandani, akatoka na jagi lake limejaa maji. "Anataka maji?" akauliza. Sijui wazo hilo alilipata wapi, labda alishawahi kuona watu wakimwagia kaburi. Bibi akasema, "Ndiyo, twende tukammwagie."

Tulikwenda wanne. Athumani alitaka kumpokea jagi, maana lilikuwa limejaa pomoni na njia ina mawe. Bibi akamzuia kwa mkono. Zuhura alitembea kama tulivyomfundisha, macho kwenye maji, mguu mmoja kwanza, ndipo wa pili. Kaburini akaanzia kichwani, akamimina taratibu mpaka miguuni, na tone halikutoka nje ya udongo wa mama yake. Jagi lilipokwisha ndipo akalia. Alilia, mwanangu, kilio cha mtu mzima, na Athumani naye akaangua kilio, mwanaume yule, akamkumbatia na kulitaja jina la dada yake kwa mara ya kwanza. Tuliporudi, mtoto alilivunja hindi vipande viwili, akampa bibi kimoja. Lilikuwa limepoa, wakalila hivyohivyo.

Bibi aliondoka naye kwenda milimani. Sikumwona tena. Jagi lilibaki kwenye msumari mpaka banda lile lilipobomolewa, sikumpa mtoto mwingine.

Sasa nisikilize, maana umenifuata ningali na akili zangu. Wape watoto mvua ya kweli, udongo wa kweli, kisu kidogo kinachokata. Lakini ukishawapa majira, jua umewapa na mwisho wake, mmea unaokauka pamoja na unaochipua. Siku msiba ukiingia katika nyumba ya mtoto wako, usimwambie kasafiri, wala kalala. Chuchumaa, mwite kwa jina, sema neno lenyewe. Kisha mpe mkono wake kazi: maji ya kumimina, ua la kuweka, uwanja wa kufagia. Mtoto anaweza kuibeba huzuni iliyo kadiri yake. Kungoja bure ndiko kunakomvunja mgongo.

Nenda, mwanangu, watoto wanakusubiri. Mungu akujalie wote unaopanda nao masika ukae nao kando ya moto siku ya kuchoma, na mama zao wawepo. Na ikiwa mmoja hayupo, akupe ulimi wa yule bibi, na akupe magoti ya kuchuchumaa.