Poda ya Mbwa wa Msasani

Ishu hii imenigharimu elfu thelathini za kukodi mbwa wa mlinzi mmoja wa Chang'ombe, alianzia hamsini, na usingizi wa wiki nzima, ambao sikupunguziwa hata kidogo.

Rafiki yangu Side anarekodi vichekesho vya mtandaoni. Safari hii ni vya matajiri wanaoshindanisha mbwa kwa urembo, vinavyoigizwa kama habari ya kweli. Akaniambia, "Braza, hakuna cha kukariri. Ukifika Msasani, mfuate mwenye mbwa yeyote, mzushie jambo."

Nikakuta geti wazi, mbwa wamechanwa manyoya, na mtu ana kamera. Nikaingia na mbwa wangu wa kukodi. Nikamwona mama mmoja na mbwa wake mweupe, nikapayuka, "Mwamuzi! Huyu kampaka mbwa poda ya mtoto!"

Mwamuzi akampapasa yule mbwa. Kiganja kikatoka cheupe. Nikasema moyoni, hawa wamejiandaa kweli. Mama akaanza kulia, nikamnong'oneza, "Shikamoo mama. Unaigiza vizuri, ongeza kidogo."

Hapo simu ikaita. Side: "Uko wapi wewe? Tunakusubiri nyumba ya pili!"

Kumbe pale yalikuwa mashindano ya kweli. Nikaomba radhi, nikaapa kwamba nilibuni tu. Mama hakunisikiliza. Akamgeukia dada yake wa kazi aliyeshika kitana: "Neema, habari ya poda tuliijua mimi na wewe tu. Nenda kafungashe nguo zako."

Huyo Neema ndiyo kwanza namwona. Wasomaji, nimwambie nini yule mama aamini kwamba nilibahatisha?