Dakika tano za dalali

Jamani, leo dalali kavuliwa viatu na maneno yake mwenyewe.

Tangu baba Neema apunguzwe kazi kiwandani tumehamia Mwanza, tunatafuta chumba. Sharti langu ni moja tu: zahanati iwe karibu, maana kifua cha Neema kikibana nambeba mgongoni.

Dalali akatupandisha mlimani, kwenye mawe. "Zahanati ile pale, mama. Dakika tano kwa miguu!"

Kweli, tulishuka hadi zahanati kwa dakika tano.

"Sasa turudi," nikamwambia. "Ila Neema mbebe wewe."

Katikati ya mlima kavua viatu, anahema.

Neema mgongoni: "Mjomba, zimebaki dakika ngapi?"

Dalali akanigeukia: "Mama, hata Buzuruga kuna vyumba. Kule tambarare."

Mlioko Buzuruga, ni tambarare kweli, au ni tambarare ya dalali?

Maana kesho tunaenda huko, na dalali anambeba Neema tena.