Wazungu walipoacha kununua passion zetu, Mbale wakachukua yale tuliyoita reject

Wakuu, hamjambo huko mliko? Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

2008 nilikuwa na ekari moja ya matunda ya passion hapa Kimilili. Ajenti alikuwa akija kila Jumanne kuchukua mzigo wa Ulaya. Masharti sasa: tunda liwe na ngozi laini, ling'ae, liwe na kikonyo chake. Likikunjamana kidogo tu, reject.

Mimi na mke wangu Nafula tulikuwa tukiyapangusa moja moja kwa kitambaa kama watoto wa kwenda kanisani.

Basi benki za wazungu zikaanguka. Tulisikia kwa redio tukaona ni shida zao.

Jumanne moja ajenti hakuja. Iliyofuata pia. Kumpigia, anasema order zimekatwa, huko watu wamepunguza kununua matunda ya mbali.

Niliogopa, sitawaficha. Tukakubaliana na Nafula kwamba wiki ikiisha bila mnunuzi tunang'oa passion yote, nami nirudi Kitale kuuza misumari kwa hardware ya kaka yangu. Huyo alishasema zamani kuwa passion si kazi ya mtu mzima. Kumpa ushindi ndiko kuliniuma zaidi.

Alhamisi akafika Mama Nambozo kutoka Mbale, ng'ambo ya mpaka kule Uganda, anauzia watu wa juisi. Nikamfungulia katoni zangu kwa maringo. Akapasua tunda moja, akaonja, akakunja uso.

"Hii ni ya kunywa ama ya kuangalia?"

Halafu akaona lile lundo la reject nyuma ya stoo. Akaonja moja, akaongeza la pili. Akaanza kuongea na Nafula, yeye Kigisu, mke wangu Kibukusu, na wanaelewana vizuri tu.

"Hii ndio tunatakanga," akaniambia. "Weka kwa gunia. Hizo zingine ziache zikunjane kwanza."

Nilicheka hadi nikakaa chini.

Msimu uliofuata nusu ya majirani walikuwa wakivusha passion mpakani Lwakhakha kwenda Mbale. Ajenti aliporudi na kaorder kadogo, alikuta foleni ya wanunuzi wa Mbale mbele yake.

Nilichojifunza: miaka yote hiyo reject tulikuwa tunakula wenyewe, tukisifu utamu wake, na hakuna siku tuliuliza kama jirani angependa pia.

Wewe soko lako lilipofungwa ulimgeukia nani? Shusheni zenu hapa, nasoma zote.